Mdogo wangu ana tiketi tatu za gari na hana makaratasi. Aende mahakamani?

Ndugu mshauri,

Naandika kutoka Texas, pembezoni mwa Houston. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina kadi ya kijani (green card, kibali cha ukaazi wa kudumu), nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na mwakani nikijaaliwa nitaomba uraia. Nina mume na watoto wawili. Naishi pia na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ana miaka 27.

Mdogo wangu alikuja 2018 kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Alisoma vizuri mpaka Baba alipofariki, ada ikatushinda, akaacha chuo. Tangu hapo hana makaratasi. Hajawahi kuiba wala kugombana na mtu. Ana mchumba, binti Mmarekani mzaliwa wa hapa, na tulikuwa tumeanza kuongea habari za ndoa.

Mwezi uliopita nilikuwa zamu, nikamwomba achukue gari langu amfuate mwanangu madrasa. Njiani hakusimama sawasawa kwenye alama ya kusimama. Askari wa mji ule mdogo akamsimamisha. Alitoa leseni ya Tanzania. Karatasi ya bima aliyoikuta kwenye droo ya gari ilikuwa ya zamani. Askari akamwuliza amezaliwa wapi. Hapo ndipo penye donda langu. Siku ile aliporudi aliniambia, "Dada, nilimjibu mimi ni wa hapa hapa." Wiki iliyofuata, akimsimulia mchumba wake, nilimsikia akisema alimwambia askari kuwa yeye ni raia. Nikimwuliza ni lipi hasa alilosema, anakasirika na kuondoka.

Hakukamatwa. Aliandikiwa tiketi tatu za makosa ya barabarani: ya kutosimama, ya leseni na ya bima. Gari likavutwa, nikalikomboa kwa pesa ya kodi ya nyumba. Anatakiwa afike mahakama ya mji baada ya wiki tatu. Kwenye tiketi ametaja anwani ya nyumba tuliyohama mwaka jana.

Sasa kila mtu ana lake. Kwenye kundi letu la WhatsApp wanasema asithubutu kwenda, ICE, maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu, wanasubiri kwenye korido za mahakama, na video wameziweka. Binamu yetu aliyeko Minnesota anasema ahamie kwake, huko leseni wanatoa hata kwa asiye na makaratasi. Mchumba wake anasema alipe kwa mtandao yaishe. Mume wangu anasema aliyekosa akabili kesi yake, na usiku ananiuliza kama na sisi hatutashtakiwa kwa kumficha mhalifu. Mama yuko Tanga, hajui lolote. Kila akipiga simu anauliza mdogo wangu atamaliza masomo lini.

Je, polisi wa mji na hakimu wa mji ni kazi yao kukagua makaratasi ya mtu? Akienda atakamatwa? Asipokwenda je? Silali.

Dada Mkubwa, Texas

JIBU

Dada Mkubwa, pole sana. Umebeba mzigo wa kesi isiyo yako kwa gari lililo lako, na juu yake umebeba simu za Mama.

Barua yako ina maswali mawili yaliyosokotwa pamoja. Moja ni la mahakama, na ndilo kundi zima la WhatsApp linabishania. La pili ni la maneno aliyoyatamka mdogo wako barabarani, na hilo naona hakuna anayeligusa isipokuwa wewe. Nitaanza na la mahakama kwa sababu lina tarehe, lakini nakuomba usiishie hapo.

Kwanza neno la mumeo: "mhalifu". Mwaka 2012, katika kesi ya Arizona dhidi ya serikali kuu, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kuwa kwa ujumla mtu kubaki nchini bila ruhusa si kosa la jinai. Ni jambo la madai, la kiutawala, na wenye mamlaka nalo ni serikali kuu. Mdogo wako aliingia kwa viza, akakaguliwa uwanja wa ndege, kisha akapoteza hadhi ya mwanafunzi. Anaweza kurudishwa nyumbani, ndiyo. Hilo halimfanyi awe mhalifu, na halimpi askari wa mji haki ya kumkamata kwa sababu hiyo peke yake, labda idara yake iwe na mkataba wa 287(g), nitakaoueleza hapo chini.

Askari anaruhusiwa kuuliza, hata hivyo. Texas ina sheria ya 2017 inayojulikana kama SB4. Inawakataza wakuu wa polisi na masherifu kuwazuia askari wao wasiulize habari za uhamiaji kwa mtu aliyesimamishwa au kukamatwa kihalali. Angalia namna ilivyokaa: askari *anaweza* kuuliza, *halazimiki*. Ndiyo maana katika mji mmoja askari anaandika tiketi na kukutakia safari njema, na maili tano mbele mwingine anauliza umezaliwa wapi. Dereva anatakiwa kutoa leseni na bima, na jina lake, tarehe ya kuzaliwa na anwani, vyote vya kweli. Swali la mahali alipozaliwa anaweza kulinyamazia kwa adabu. Kutaja jina la uongo, kwa mfano la binamu mwenye makaratasi, hapa Texas ni kosa la daraja B, linaloweza kufika siku 180 za jela. Tusifike huko.

Mahakama yenyewe sasa. Tiketi zake tatu ni za daraja C, makosa ya faini tu, hakuna kifungo. Dari ya daraja hilo ni dola 500, na kosa la bima kwa mara ya kwanza lina faini ya dola 175 hadi 350. Kesi hizi husikilizwa na mahakama ya mji, na siku ya kufika mara nyingi huishia dirishani kwa karani: jina, namba ya kesi, unakiri au unakana. Alama za vidole hazichukuliwi dirishani, na hakimu wa mji hana mamlaka ya kuamua makaratasi ya mtu. Wanaoamua hayo ni majaji wa uhamiaji, walio chini ya Wizara ya Sheria ya serikali kuu, katika majengo yao. Video nyingi zilizosambaa 2025 zilipigwa kwenye korido za mahakama hizo za uhamiaji, kwa watu waliokuwa tayari na kesi za uhamiaji. Mtu anayezitazama kwenye simu hawezi kutofautisha korido na korido.

Sisemi hatari ni sifuri. Tangu Januari 2025 mwongozo wa ICE unawaruhusu maofisa wake kumkamata mtu ndani au karibu na mahakama yoyote wakiwa na taarifa za kuaminika kwamba mtu wanayemtafuta atakuwepo. New York wana sheria ya 2020 inayokataza mtu kukamatwa kwa mambo ya uhamiaji akiwa njiani kwenda, akiwa ndani au akitoka mahakamani, bila hati iliyosainiwa na jaji. Texas hakuna kinga ya namna hiyo. Lakini soma tena lile sharti: mtu *wanayemtafuta*. Basi swali la kumwuliza mdogo wako ni kama kuna anayemtafuta. Amewahi kupokea karatasi ya kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji? Amewahi kuomba chochote kikakataliwa? Ana namba ya faili la uhamiaji, inayoanza na A? Mwanafunzi wa F-1 ambaye hakupata kadi ya kazi mara nyingi hana namba hiyo. Namba ya SEVIS, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wageni, inayoanza na N kwenye fomu ya chuo ya I-20, si hiyo. Kama anayo, apige 1-800-898-7180, mashine ya mahakama za uhamiaji, aiingize, asikilize kama kuna kesi au amri. Mwenye amri ya zamani ya kuondolewa, hata iliyotolewa asipokuwepo, yuko katika hali tofauti kabisa: jina lake linaweza kutokea kwenye mfumo wa taifa wa polisi, NCIC, askari anapochunguza leseni. Mtu huyo hapaswi kukanyaga ofisi yoyote kabla ya kuonana na wakili.

Kama hana amri, hatari yake iko mahali pengine, na hapa nitakaa kidogo.

Mlango halisi kati ya polisi wa mahali na uhamiaji ni mashine ya alama za vidole jelani. Tangu 2008, kwa mpango ulioitwa Secure Communities, uliobadilishwa mwishoni mwa 2014 na kurudishwa 2017, alama za kila anayeandikishwa jela zinakwenda FBI, na FBI inazipeleka Wizara ya Usalama wa Ndani. Zinakwenda zenyewe, askari jela haamui, sherifu hapigi simu. Alama za mdogo wako ziko kule tayari: alizitoa alipoomba viza Dar es Salaam na akazirudia uwanja wa ndege. Zikilingana, ICE wanaweza kutuma fomu ya I-247A, ambayo wenyeji wa jela wanaiita "holdi". Inaiomba jela imshikilie hadi saa 48 zaidi ili waje kumchukua, na huambatana na hati ya I-200 au I-205, iliyosainiwa na ofisa wa uhamiaji, si jaji. Kwingine Marekani hilo ni ombi tu. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu ilisema hivyo 2014, na masherifu wa baadhi ya majimbo hulikataa. Texas, SB4 inazilazimisha jela kulitii, na sherifu anayekataa anajitia kwenye kosa na faini, hata kupoteza kiti.

Saa 48 hizo watu wengi huzihesabu vibaya. Hazianzi siku aliyokamatwa. Zinaanza pale ambapo angeachiwa kwa kesi ya mahali: dhamana imelipwa, au kesi imefutwa, au kifungo kimekwisha. Dhamana ikilipwa Jumatatu saa kumi jioni, muda unaishia Jumatano saa kumi jioni. ICE wasipofika, fomu ile haiipi tena jela ruhusa ya kumshikilia, na wakili anaweza kudai atoke. Kwa hiyo ndugu wakisikia neno holdi, wazungumze na wakili kabla ya kukimbilia kulipa dhamana ya jela. Huenda unalipa ili akabidhiwe upande wa pili siku hiyo hiyo.

Ukishaiona mashine ile, pima ushauri wa kila mmoja kwa swali moja: je, njia hii inampeleka kwenye alama za vidole au inamwepusha nazo?

Kutokwenda. Asipofika, mahakama ya mji hutuma kwanza taarifa yenye tarehe mpya, kisha akikaa kimya inaweza kutoa hati ya kumkamata, na kutofika kunaongezwa kuwa kosa jingine. Taarifa hiyo itakwenda kwenye anwani ya nyumba mliyohama. Hapo ndipo mambo huharibika kwa watu wengi: barua inalala kwenye sanduku la mgeni, hati inatoka, na miezi minane baadaye taa ya nyuma inaungua, gari linasimamishwa, na safari hii hakuna tiketi, kuna pingu. Jela, kidole kwenye kioo. Kundi la WhatsApp linamkinga na korido na kumsogeza kwenye mashine. Hata hivyo hofu yao si ya kipuuzi, na sitamcheka mtu anayeogopa. Nataka tu uione gharama yake. Chochote mtakachoamua, anwani irekebishwe kwa karani wiki hii. Kwa kawaida hilo halihitaji kufika mwenyewe.

Minnesota. Binamu yenu amesema kweli: tangu Oktoba 2023 jimbo hilo linatoa leseni ya kawaida bila kuuliza makaratasi, na kuendesha na leseni ni kinga kubwa. Ila kesi ya Texas haifutiki kwa kuhama. Akihama, ahame baada ya kesi kwisha.

Kulipa kwa mtandao. Ni rahisi na halimpeleki popote. Lakini kulipa ni kukubali, na kukubali ni hukumu. Kwa tiketi ya alama ya kusimama hilo kwa kawaida halimfukuzishi mtu nchini. Fomu ya I-485 ya kuomba kadi ya kijani, atakayojaza siku akioa, huuliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa au kushtakiwa, na jibu lazima liwe la kweli. Kisha angalia ile ya bima kabla mtu hajabonyeza "lipa". Je, bima yako ilikuwa hai siku ile, na karatasi tu ndiyo ilikuwa ya zamani? Kama ilikuwa hai na inamfunika, mahakama hufuta shtaka hilo ukileta uthibitisho kutoka kampuni ya bima. Soma mkataba wako vizuri uone kama unamfunika na yeye. Mchumba mwenye haraka anaweza kulipia kosa ambalo lingefutwa.

Wakati mwingine karani hutoa njia ya tatu: unakubali, unalipa ada, unakaa bila kosa kwa muda usiozidi siku 180, kesi inafutwa. Machoni pa Texas imefutwa. Machoni pa uhamiaji, ukikiri na ukapewa adhabu yoyote, hiyo bado ni hukumu. Kwa makosa ya barabarani tofauti hiyo si kitu. Naitaja kwa sababu tiketi ya kuiba kitu cha chini ya dola 100 dukani hupelekwa mahakama ile ile, karatasi yenye sura ile ile, na watu huikiri kwa mazoea ya tiketi za gari. Hiyo ni nyoka mwingine. Tena kwa baadhi ya wasio na makaratasi, hasa walioingia bila kukaguliwa, sheria ya Laken Riley ya Januari 2025 inataka wazuiliwe kwa kutuhumiwa tu wizi wa dukani, kabla ya hukumu.

Kwenda mwenyewe, au kumtuma wakili. Kwa makosa ya daraja C wakili anaweza kufika kwa niaba yake, na mara nyingi kesi huisha bila mshtakiwa kuonekana. Kwa kuwa ni faini tu, serikali haitampa wakili wa bure, itabidi mlipe. Kama mna pesa ya wakili mmoja, tafuteni anayejua pande zote mbili, au wa trafiki atakayekubali kuongea na wa uhamiaji. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha. Mwulizeni hilo waziwazi. Na msimpelekee jambo hili "mtu wa fomu". Mthibitishaji wa hati huku si wakili, hata akiwa mtu wa kwetu na bei yake nzuri. Akienda mwenyewe, aende na karatasi ya kesi na kitambulisho, ajibu kinachoulizwa kuhusu tiketi, asieleze historia yake ya chuo. Asiendeshe kwenda huko. Unaweza kucheka, lakini watu hutoka kwenye kesi ya leseni wakiwa wameshika usukani.

Kabla hamjachagua, ingieni tovuti ya ICE, kwenye orodha ya mikataba ya 287(g), mtafute jina la mji ule na la kaunti. Kifungu hicho kiliingizwa kwenye sheria 1996, na kinawapa polisi wa mahali sehemu ya mamlaka ya uhamiaji kwa mkataba. Mkataba wa jela unafanya kazi jelani tu, na ule wa kutumikia hati nao unaishia jelani. Ule wa kikosi kazi, uliosimamishwa 2012 na kurudishwa 2025, unamruhusu askari aliyefundishwa kuhoji uhamiaji barabarani. Mji wenye mkataba wa namna ya tatu unabadilisha hesabu yangu yote ya juu, na katika mji huo kumtuma wakili kunazidi kupata uzito.

Sasa yale maneno.

Dada Mkubwa, mdogo wako aliingia kwa viza. Akimwoa raia, kwa ndoa ya kweli, sheria inamruhusu kuomba kadi ya kijani akiwa hapa hapa, ingawa amepitisha muda. Ni mlango ambao wengi hawana. Kuna kitu kimoja kinachoweza kuufunga kwa misumari: kujidai raia wa Marekani. Tangu mwisho wa Septemba 1996, asiye raia aliyedai kwa uongo kuwa raia kwa kusudi lolote au faida yoyote ya kisheria anazuiwa maisha yake yote, na kwa mwombaji wa kadi ya kijani karibu hakuna msamaha. Ndoa haiuponyi, watoto hawauponyi. Mwaka 2016 bodi ya rufaa za uhamiaji, katika shauri la Richmond, ilisema kwamba kukwepa kesi ya kuondolewa nchini nako kunaweza kuhesabiwa kusudi la namna hiyo.

Ndiyo maana "mimi ni wa hapa hapa" na "mimi ni raia" ni sentensi mbili zilizo mbali kama Tanga na Houston. Ya kwanza inaweza kuwa na maana ya mtaa anaoishi. Hujui alisema ipi, na inawezekana yeye mwenyewe hajui tena. Mtu akisimamishwa na taa za bluu, ulimi hukimbia. Inawezekana pia alimkuzia mchumba wake hadithi ili aonekane jasiri. Usiamue bado. Askari wengi siku hizi wana kamera kifuani, na wakili anaweza kuomba picha hizo zikiwa bado zipo, kwa maana mahakama na polisi hazihifadhi kila kitu milele. Kuna sababu ya kutosubiri, na kuna sababu ya kutoziomba yeye mwenyewe kwa mkono wake: wakili ajue kwanza kilichomo, kabla ya kuamua kufanya nacho nini. Na tangu leo, kwa askari, kwa karani, kwa mwajiri, kwenye fomu ya kuomba kazi penye kisanduku cha "raia", asidai tena. Akikwama, anyamaze. Kunyamaza hakujamfungia mtu mlango wa kadi ya kijani.

Kuhusu ninyi mwenye nyumba. Kesi ya kumhifadhi asiye na makaratasi ipo kwenye sheria ya serikali kuu, na hofu ya mumeo haikutoka hewani. Kwa Texas, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilisema 2017 kwamba kumpangisha mtu tu si kumficha asigunduliwe. Panahitajika kitendo cha kuficha. Ndugu anayelala chumba cha nyuma na kula mezani hajafichwa. Kilicho karibu nawe zaidi ni funguo za gari. Texas inamkataza mwenye gari kumruhusu kwa kujua mtu asiye na leseni kuliendesha, na leseni ya kigeni haimtoshi aliyehamia hapa zaidi ya siku 90. Kama wewe nawe utaandikiwa tiketi kwa hilo, fomu yako ya uraia mwakani itaiuliza. Najua ni nani atakayemfuata mtoto madrasa ukiwa zamu. Hilo mtalipanga na mumeo.

Kuna anayeweza kusema arudi tu Tanga. Naliweka mezani bila kulipigia debe. Kwa kawaida aliyepitisha mwaka mmoja bila hadhi akitoka anafungiwa miaka 10. Kwa mwanafunzi ambaye I-94 yake, yaani rekodi ya kuingia nchini, imeandikwa D/S badala ya tarehe ya kuondoka, siku hizo huanza kuhesabiwa baada ya uamuzi rasmi wa uhamiaji au wa jaji, si siku aliyoacha chuo. Wengi hawalijui, wakaogopa mlango uliokuwa bado wazi, na wengine wakautumia kabla ya kuuliza. Toa I-94 yake kwenye tovuti ya forodha na mipaka, wakili aione.

Tengenezeni bahasha, iwe hatakamatwa au atakamatwa. Nakala ya pasipoti, viza, I-94, I-20 zote, tiketi tatu, namba ya A kama ipo, jina la wakili. Namba mbili za simu azikariri kichwani, maana simu huchukuliwa. Akipelekwa kwa ICE, mtamtafuta kwa namba ya A na nchi aliyozaliwa, au kwa jina lilivyoandikwa pasipoti, herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" zimewapoteza watu kwa siku nzima. Dhamana ya uhamiaji haipungui dola 1,500 na hulipwa yote kwa mkupuo, hakuna asilimia kumi kama ile ya jela. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo ubalozi lazima uarifiwe raia wake akikamatwa, atake asitake, asishtuke akipigiwa. Kesi ikiisha, chukueni kwa karani nakala iliyothibitishwa ya matokeo, muitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Nimebaki na Mama. Hukuniuliza kuhusu yeye, umemtaja tu, mara moja, mwishoni. Mdogo wako anakasirika ukimwuliza alisema nini kwa askari, na mimi nahisi kuna jambo jingine amelisema kwa miaka, la masomo yanayoendelea, na wewe unamsaidia kulisema kila simu. Huenda kwake maswali hayo mawili yanauma mahali pamoja. Mkae siku moja watoto wakiwa wamelala, bila mumeo na bila mchumba, umwambie kwanza kwamba hutamhukumu, kisha mwulize la askari tu. La Mama alichague yeye wakati wake. Na ukipata picha za kamera, au ukijua mkataba wa mji ule, niandikie tena.